Mahakama zilizosafiri: England, kalenda ya jaji na mtu aliyesubiri

Mwezi Desemba 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kusudio la kupunguza idadi ya mashauri ya jinai yanayoamuliwa na jopo la raia kumi na wawili, maarufu kwa jina la juri. Sababu kuu iliyotolewa ni mrundikano wa mashauri. Katika mahakama iitwayo Crown Court, ambayo ndiyo husikiliza makosa makubwa ya jinai huko England na Wales, mashauri zaidi ya 70,000 yalikuwa yanasubiri, na baadhi ya washtakiwa na walalamikaji walikuwa wamepangiwa tarehe zilizo miaka kadhaa mbele. Miezi mitano kabla ya tangazo hilo, Julai 2025, ilikuwa imetolewa taarifa ya jaji mstaafu Brian Leveson, aliyepewa jukumu la kutathmini mwenendo wa mahakama za jinai, nayo ilipendekeza mabadiliko makubwa.

Mjadala uliofuata umejikita katika juri: je, ni haki ya asili ya raia wa England, au ni utaratibu unaoweza kupunguzwa pale hali inapolazimu? Hilo ni swali zito. Hata hivyo, liko jambo la pili ambalo halijazungumzwa kwa uzito unaolingana nalo. Kwa takribani miaka mia nane, makosa makubwa katika nchi hiyo hayakusikilizwa na mahakama iliyokaa mahali pamoja mwaka mzima. Yalisikilizwa na mahakama iliyokuja, ikamaliza kazi, ikaondoka. Ilikuwa na kasoro nyingi, na nyingine zilikuwa za kutisha. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho mahakama ya leo yenye majengo, masjala na mifumo ya kompyuta imepata taabu kukitimiza: siku ya mwisho iliyojulikana na kila mtu.

Mahakama hizo ziliitwa asaizi. Neno lenyewe limetokana na Kifaransa cha kale, lugha ya watawala wa England baada ya Wanormani kuitwaa nchi hiyo mwaka 1066, na maana yake ya msingi ni kuketi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa kikao chetu nacho kimezaliwa na kukaa. Watu wa zama hizo walilitumia neno hilohilo kwa mambo mawili: kikao chenyewe, na amri iliyotolewa na mfalme akiwa katika kikao.

Mfalme anayehusishwa zaidi na mwanzo wa utaratibu huu ni Henry wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1154 baada ya karibu miaka ishirini ya vita vya kugombea kiti cha enzi. Katika vita hivyo ardhi ilikuwa imeporwa huku na kule, na kila bwana mwenye ngome alijifanya sheria. Mwaka 1166, akiwa katika makazi yake ya uwindaji huko Clarendon, karibu na mji wa Salisbury, mfalme alitoa amri kwamba katika kila eneo watu kumi na wawili wa kuaminika, pamoja na watu wanne kutoka kila kijiji, waape na kuwataja wanaotuhumiwa kwa wizi, ujambazi na mauaji. Majaji wa mfalme wangepita na kuyasikiliza majina hayo. Mwaka 1176, katika mkutano wa Northampton, nchi iligawanywa katika mizunguko sita, na kila mzunguko ukapewa majaji watatu. Majaji kumi na wanane, basi, kwa ufalme mzima.

Pamoja na makosa ya jinai, yapo mashauri ya ardhi, na hapo ndipo panapostahili kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo mwananchi wa kawaida alipoanza kuiona mahakama ya mfalme kuwa ina faida kwake. Henry aliweka utaratibu mpya kwa mtu aliyefukuzwa katika ardhi yake siku za karibuni. Mlalamikaji alinunua hati katika ofisi ya mfalme. Hati hiyo ilimwelekeza sherifu wa kaunti, yaani mwakilishi wa mfalme katika eneo hilo, akusanye watu kumi na wawili wa jirani, wakaiangalie ardhi yenyewe kwa macho yao, kisha wafike mbele ya jaji atakapopita. Jaji aliwauliza swali moja tu: je, huyu alitolewa katika ardhi yake bila haki na bila hukumu? Kama jibu ni ndiyo, alirudishiwa ardhi.

Jambo la kuzingatia ni lile ambalo jaji hakuuliza. Hakuuliza ni nani mmiliki wa kweli tangu enzi za mababu. Swali hilo lilikuwa na mahakama yake na utaratibu wake mrefu, ambao ungeweza hata kuishia katika pambano la silaha kati ya pande mbili. Asaizi ilitenganisha maswali mawili ambayo hadi leo huchanganywa katika migogoro mingi ya mashamba na viwanja: nani ana haki zaidi, na nani ametumia nguvu. La kwanza linaweza kusubiri. La pili lilijibiwa upesi, na visingizio vya kutohudhuria, vilivyozoeleka katika mashauri mengine, havikupokelewa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi huo wa kuuliza swali dogo na kulijibu haraka ndio uliozipa asaizi umaarufu wake wa mwanzo kuliko jambo jingine lolote.

Ikumbukwe kwamba katika karne hizo za mwanzo mfalme alikuwa na msafara mwingine wa majaji, tofauti na huu. Jina lake lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya safari, nasi tuuite Safari Kuu. Majaji wa Safari Kuu walikuja mara moja katika miaka kadhaa, wakakagua kila kitu: mauaji ambayo hayakuripotiwa, mizani ya wafanyabiashara, mali zilizopaswa kuwa za mfalme, makosa ya maofisa wa kaunti. Kila upungufu ulitozwa faini, na faini hizo zilijaza hazina. Inaelezwa kwamba mwaka 1233 wakazi wa Cornwall, kusini magharibi mwa nchi, walikimbilia misituni waliposikia kwamba majaji hao wanakuja.

Linganisha jambo hilo na kilichotokea miaka kumi na minane tu kabla yake. Mwaka 1215 mabwana walioasi walipomlazimisha Mfalme John kuukubali mkataba unaojulikana kama Magna Carta, kifungu cha 18 kilidai kwamba majaji wawili wapelekwe katika kila kaunti mara nne kwa mwaka kusikiliza mashauri hayo ya ardhi, wakiwa pamoja na mashujaa wanne waliochaguliwa na kaunti yenyewe. Watu walewale waliokuwa wakimpunguzia mfalme mamlaka yake walimwomba awaletee majaji mara nyingi zaidi. Mara nne zilionekana ni nyingi mno, na mkataba ulipotolewa upya mwaka 1217 zikapunguzwa hadi mara moja. Lakini hoja ilikuwa imesimama: ujio wa jaji ulikuwa ni haki inayodaiwa na wananchi, si fadhila ya mtawala. Wananchi wa England hawakuikimbia mahakama. Walimkimbia mkusanya faini aliyevaa joho la jaji. Safari Kuu ilififia mwishoni mwa karne ya 13, nazo asaizi zikaendelea.

Sheria ya mwaka 1285 iliongeza kifaa kingine, na ni kifaa cha werevu. Mashauri mengi ya madai yalifunguliwa katika mahakama kuu zilizokaa Westminster, jirani na London. Kumpeleka mkulima wa kaskazini pamoja na majirani zake kumi na wawili huko, safari ya siku nyingi, ilikuwa ni mateso. Hivyo hati ya kuwaita ikaandikwa kwa namna hii: watu hao wafikishwe Westminster tarehe fulani, isipokuwa kama kabla ya tarehe hiyo majaji wa mfalme watakuwa wamefika katika kaunti yao. Tarehe ya Westminster ilipangwa makusudi iwe baada ya ujio wa jaji. Kwa maneno hayo machache shauri lilibaki ni la mahakama kuu kwa jina na kwa sheria, lakini mashahidi hawakuondoka nyumbani. Jaji alisikiliza ushahidi, jopo likatoa jibu, na jibu hilo likarudishwa Westminster kuandikwa hukumu. Kutokana na utaratibu huo, sheria iliyotumika katika kaunti za mbali ilikuwa ileile ya mji mkuu, kwa sababu majaji walikuwa ni walewale.

Katika karne zilizofuata utaratibu huu ulitulia katika umbo ambalo halikubadilika sana hadi karne ya 19. Mizunguko ilikuwa sita, na majaji wawili walikwenda katika kila mmoja. Misafara ilikuwa miwili kwa mwaka: ya kipindi cha Kwaresima, ambapo farasi walizama katika matope, na ya majira ya joto. Jaji alipofika mpakani mwa kaunti alilakiwa na sherifu akiwa na wapiga tarumbeta na walinzi wenye mikuki. Alipelekwa kanisani kusikiliza mahubiri yaliyoandaliwa kwa ajili ya siku hiyo, kisha akaingia mahakamani na kusomewa hati zake za uteuzi mbele ya umma. Kwa siku mbili au tatu mji mdogo ulijaa watu: mawakili, mashahidi, wafanyabiashara, na familia zilizokuja kutafuta wachumba. Kikao kilipomalizika bila mtu yeyote kuhukumiwa kunyongwa, jaji alizawadiwa glovu nyeupe.

Gwaride hilo ndilo linalokumbukwa zaidi katika vitabu na filamu. Lililokuwa muhimu zaidi ni karatasi. Miongoni mwa hati alizobeba jaji, mojawapo ilimwagiza asikilize na kukata mashauri ya makosa makubwa. Nyingine, ambayo kwa mahabusu ilikuwa na uzito kuliko zote, ilimwagiza aliondolee gereza watu wake. Mkuu wa gereza alipaswa kuleta orodha ya kila aliyekuwa ndani, na jaji akapaswa kupitia jina baada ya jina. Aliyekuwa na mashtaka alisomewa na kuhukumiwa au kuachiwa. Ambaye hakuna aliyejitokeza kumshtaki, tangazo lilisomwa mahakamani, na baada ya hapo aliachiwa. Jaji hakuondoka mjini mpaka orodha imemalizika.

Bunge la England lilitambua thamani ya jambo hilo. Sheria ya Habeas Corpus ya mwaka 1679, ambayo hutajwa kila mahali kuwa ngao ya uhuru wa mtu binafsi, iliutumia ujio wa jaji kama saa ya ukutani. Mtu aliyefungwa kwa tuhuma ya kosa kubwa na akaomba kusikilizwa, asipofunguliwa mashtaka katika kikao kilichofuata, alistahili dhamana. Asipohukumiwa katika kikao cha pili, alistahili kuachiwa huru. Sheria hiyo haikutegemea huruma ya ofisa yeyote. Ilihesabu vikao viwili, basi.

Jambo la pili lililozipa mahakama hizi heshima ni ugeni wa jaji. Sheria ya mwaka 1384 ilikataza mwanasheria kuwa jaji wa asaizi katika kaunti yake mwenyewe. Mantiki yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi katika wilaya ndogo: tajiri mwenye mashamba, sherifu na wazee wa eneo hilo walijuana, walioleana, na walidaiana. Mtu aliyeonewa na mkubwa wa kijijini hakuwa na tumaini mbele ya shemeji wa mkubwa huyo. Jaji aliyekuja kutoka mbali hakuwa na shamba la kulinda. Wakati huohuo wale kumi na wawili waliotoa jibu kuhusu ukweli wa mambo walikuwa wenyeji. Ugeni na uenyeji viliwekwa pamoja katika chumba kimoja, kila kimoja kikikizuia kingine.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1712, katika asaizi ya Hertford, mwanamke mmoja wa kijiji cha Walkern aitwaye Jane Wenham alishtakiwa kwa uchawi, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Wanakijiji, wakiwemo watumishi wa kanisa, walimtolea ushahidi, na jopo likamtia hatiani. Jaji John Powell, mgeni katika eneo hilo, hakuuamini ushahidi huo. Hakuwa na mamlaka ya kubatilisha jibu la jopo, lakini aliahirisha utekelezaji wa adhabu na kumwombea msamaha kwa Malkia Anne, akaupata. Miaka mia moja kabla yake, mwaka 1612, watu kumi walikuwa wamenyongwa baada ya asaizi ya Lancaster kwa tuhuma za namna hiyo, na majaji wageni wa siku ile hawakuwazuia. Ugeni peke yake, kwa hiyo, haukutosha. Ilitegemea mgeni mwenyewe ni nani.

Kwa wasomaji wanaofuatilia matangazo ya serikali, upo upande mwingine wa asaizi unaostahili kutajwa, ingawa kwa ufupi. Kabla ya magazeti kuenea, jaji wa mzunguko alikuwa pia ni msemaji wa Serikali. Katika enzi za wafalme wa karne ya 16 na 17, majaji waliitwa kabla ya safari wakapewa maelekezo juu ya mambo ambayo mfalme alitaka kaunti ziyasikie: bei ya nafaka, wazururaji, dini, utii. Jaji aliyatamka hayo katika hotuba yake ya ufunguzi mbele ya wakubwa wa kaunti, na aliporudi alieleza hali aliyoiona. Njia hiyo ilileta taarifa pande zote mbili. Pia ilikuwa na hatari iliyo wazi, kwa kuwa mtu aliyetumwa asubuhi kueleza anachokitaka mfalme ndiye aliyekaa mchana kuamua juu ya maisha ya mtu aliyemuudhi mfalme.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 1685. Mtawala wa Monmouth alikuwa ameongoza uasi dhidi ya Mfalme James wa Pili, akashindwa katika mapigano ya Sedgemoor mwezi Julai. Msimu wa joto haujaisha, Jaji Mkuu George Jeffreys alitumwa pamoja na wenzake katika mzunguko wa magharibi. Huko Winchester alimsikiliza Alice Lisle, bibi wa miaka takribani sabini, aliyeshtakiwa kwa kuwahifadhi wakimbizi wa uasi huo nyumbani kwake. Jopo lilisita, jaji akalibana hadi likamtia hatiani. Alikatwa kichwa tarehe 2 Septemba. Msafara uliendelea Dorchester, Exeter, Taunton na Wells. Watu zaidi ya 1,000 walipitishwa mbele ya majaji hao katika majuma machache. Wanaokadiriwa kuwa kati ya 200 na 300 walinyongwa, na mamia wengine wakapelekwa visiwa vya Karibi kufanyishwa kazi za lazima. Jeffreys alizawadiwa cheo cha juu zaidi cha kisheria nchini. Mfalme alipoanguka miaka mitatu baadaye, naye alikamatwa, akafia katika gereza la Tower mjini London mwaka 1689. Bunge lilibatilisha hukumu ya Alice Lisle mwaka huohuo. Mwaka 1701 ilitungwa sheria kwamba jaji asiondolewe kazini kwa matakwa ya mfalme maadamu mwenendo wake ni mwema.

Inapendeza kufikiri kwamba sheria hiyo ilimaliza tatizo. Ilimaliza tatizo la hofu ya jaji kwa mfalme, lakini haikumaliza tatizo la saa. Saa ileile iliyomlinda mahabusu dhidi ya kusahaulika ilimharakisha kuelekea kwenye kitanzi. Katika karne ya 18 shauri la kosa la kifo lingeweza kuanza na kumalizika ndani ya nusu saa. Mshtakiwa wa kosa kubwa la kawaida hakuruhusiwa wakili wa kumtetea kikamilifu mbele ya jopo hadi mwaka 1836. Mahakama ya rufani ya jinai haikuwepo hadi mwaka 1907. Kabla ya kuondoka mjini, jaji aliketi na orodha ya waliohukumiwa kifo na kuamua nani amwombee msamaha, waliobaki walinyongwa. Farasi walikuwa wamefungwa matandiko, na mji mwingine ulikuwa unasubiri.

Kuhusu wale waliosubiri, hali yao kati ya kikao na kikao ilikuwa mbaya kuliko maneno ya hati za mfalme. Mwezi Julai 1577, huko Oxford, mahabusu walioletwa kizimbani walikuja na homa ya magereza, inayoenezwa na chawa. Katika majuma yaliyofuata walikufa watu takribani 300, akiwemo Jaji Robert Bell, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge. Tangu hapo na kuendelea, majaji walizoea kubeba vishada vya maua na majani yenye harufu kali wakiamini vingewakinga. Gereza lilikuwa limemfuata jaji kwenye kiti chake. Mwaka 1773 John Howard, alipoteuliwa kuwa sherifu wa Bedfordshire, aligundua kwamba watu walioachiwa huru na jaji walirudishwa gerezani kwa sababu hawakuweza kulipa ada za mkuu wa gereza. Bunge liliondoa ada hizo kwa walioachiwa mwaka uliofuata. Katika kaunti za kaskazini, ambako majaji kwa muda mrefu walikwenda wakati wa majira ya joto tu, mtu aliyekamatwa mara baada ya jaji kuondoka alikaa ndani karibu mwaka mzima kabla hata ya kusomewa shtaka.

Utaratibu huu ulidumu hadi tarehe 31 Desemba 1971. Uamuzi wa kuufuta ulitokana na tume ya kifalme iliyoongozwa na Lord Beeching, yuleyule ambaye taarifa yake ya mwaka 1963 ilisababisha kufungwa kwa njia nyingi za reli nchini humo. Tume iliona majaji wakitumia siku nyingi barabarani, wakifungua vikao katika miji midogo yenye mashauri machache, huku miji mikubwa ya viwanda ikizidiwa na ratiba iliyopangwa bila kujali wingi wa kazi. Hoja zake zilikuwa na nguvu. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1971 ikaanzisha Crown Court, mahakama ya kudumu inayoweza kukaa popote na wakati wowote. Majaji wa Mahakama Kuu bado hutoka London kwenda mikoani kusikiliza mashauri mazito, na mizunguko bado ni sita. Lakini ile siku ya mwisho, siku ambayo orodha lazima iwe imemalizika, ilifutwa pamoja na tarumbeta.

Nchi yetu iliupokea sehemu ya urithi huu. Chini ya utawala wa Uingereza, Amri ya mwaka 1920 ilianzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika na kuingiza sheria za England kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo. Majaji waliokaa Dar es Salaam walisafiri kwenda mikoani kusikiliza mashauri ya mauaji na makosa mengine mazito, na utaratibu huo tunaujua hadi leo kwa jina la vikao. Kilichoachwa nyuma ni juri. Badala yake waliwekwa wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Maana yake ni kwamba nusu ya mizani ya asaizi haikuletwa: jaji mgeni alikuja, lakini kauli ya mwisho ya wenyeji haikuja naye. Na kwa Mwafrika wa kawaida mashauri mengi yaliishia katika mahakama za wenyeji zilizotengwa na mfumo mkuu, hadi mabadiliko ya miaka ya mwanzo ya Uhuru yalipounganisha mfumo.

Tangu hapo Mahakama Kuu imesogea karibu na wananchi kwa kufungua kanda zake mikoani. Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, imeendelea kufanya vikao vyake katika miji mbalimbali badala ya kumsubiri mrufani Dar es Salaam. Mwaka 2019 ilizinduliwa Mahakama Inayotembea, ikianza na magari katika majiji ya Dar es Salaam na Mwanza, ili mashauri ya ngazi ya chini yasikilizwe pale wananchi walipo. Hatua hizi zina manufaa yaliyo wazi, hasa kwa mama mwenye shauri la mirathi ambaye nauli ya kwenda na kurudi mjini ni chakula cha nyumba kwa siku mbili.

Historia ya asaizi inatukumbusha kulitazama gari hilo na kikao hicho kutoka upande wa anayesubiri. Umbali ni gharama moja. Muda ni gharama nyingine, na gari haliipunguzi lenyewe. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la mahakama akiwa na ndugu mahabusu anaifahamu kauli kwamba upelelezi haujakamilika, na shauri likaahirishwa. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yaliyoweka msingi kwamba mashtaka ya makosa mengi yanayosikilizwa na mahakama za chini yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, yamegusa mzizi wa tatizo. Makosa makubwa yaliachwa nje ya msingi huo. Huko ndiko vikao vya Mahakama Kuu vinakokuwa na uzito wake wa zamani: kwa mtuhumiwa wa mauaji, ambaye hana dhamana, tangazo la kikao linalobandikwa kwenye ubao wa mahakama ndilo kalenda pekee aliyonayo.

Turudi England, ambako mjadala wa juri bado unaendelea. Sheria ya huko haikuacha kabisa kuhesabu siku. Mtuhumiwa aliye mahabusu ambaye shauri lake limepelekwa Crown Court anapaswa kuanza kusikilizwa ndani ya siku 182, muda unaokaribia nusu mwaka, sawa na nafasi iliyokuwepo kati ya asaizi moja na nyingine katika kaunti zilizotembelewa mara mbili. Tofauti ni kwamba siku 182 zinaweza kuongezwa na jaji akiridhika kwamba ipo sababu ya msingi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, Serikali yenyewe iliongeza kikomo hicho kwa muda hadi siku 238, na vikafunguliwa vyumba vya mahakama vya dharura katika hoteli na kumbi. Kikomo baadaye kilirudishwa siku 182. Idadi ya wanaosubiri haikurudi ilikokuwa.